Wokovu ni Pure

Siku ya tisa ya kufunga nilimeza kijiko cha uji. Ilikuwa saa nne asubuhi, nilikuwa jikoni nikimpikia mama, na nilitaka kujua kama uji umepoa kiasi cha kupita kooni mwake bila kumuunguza. Nilionja kama ninavyoonja siku zote. Nilipokumbuka, ulikuwa umeshashuka. Nilitoka mbio, nikainama nyuma ya jiko, nikatia kidole kooni na kutapika maji machungu ya manjano. Uji wenyewe sikuuona. Na kwa kuwa sikuuona, nilijua kwamba umebaki ndani yangu, na kwamba mama atakufa kwa sababu hiyo.

Naandika nilivyofikiri, bila kupamba. Leo naona kwamba yalikuwa mawazo ya mtu mgonjwa, lakini asubuhi ile hayakuwa mawazo. Yalikuwa habari, kama mtu anavyoambiwa kwamba mvua imenyesha ng'ambo.

Mama alikuwa na ugonjwa wa koo. Ulianza kwa ugali kukwama, akawa anausukuma kwa maji na kulalamika kwamba unga wa siku hizi ni mkavu. Kisha ikawa nyama, kisha ndizi, kisha hata mkate uliolowekwa kwenye chai. Huku kwetu Bomet watu wanaufahamu ugonjwa huo hadi hawautaji jina. Wanauliza tu, "Anameza?" Hospitalini daktari alituonyesha picha, akasema tumefika tukiwa tumechelewa, akamwekea mrija mdogo kooni ili vitu vyepesi vipite, kisha akatuambia tumrudishe nyumbani. Hakusema akafie huko. Alisema nyumbani kuna hewa nzuri.

Mimi nilisikia jambo moja: wanadamu wameshindwa, sasa ni zamu yangu.

Wenzangu wa kikundi cha maombi walikubali kufunga kwa ajili yake, kila mtu siku yake. Nilikataa kupewa siku moja. Nilimwahidi Mungu siku ishirini na moja mfululizo, kutoka alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, bila chakula wala maji, na juu yake nikaongeza sharti ambalo hakuna aliyelitaja: zisiwe na dosari hata moja. Nikizimaliza safi, mama atameza. Nisipozimaliza, ni mimi. Basi baada ya kile kijiko nilinawa uso, nikampelekea mama uji wake, nikaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Sikumwambia mtu.

Labda nieleze mimi ni mtu wa namna gani. Nina miaka ishirini na minne. Shule niliiachia kidato cha pili, baba alipofariki, na mengi ninayojua nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi ya Kiingereza iliyopoteza jalada na kwa magazeti ya kufungia nyama. Anayejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia hapo inatosha, pumzika. Kila siku anadhani wenzake wanajua kitu ambacho yeye amekiruka.

Tuna chai kidogo inayoshuka hadi kijitoni, na ng'ombe wawili. Kwenye chai unachuma majani mawili na chipukizi, na kila mtu anajua kwamba majani machache magumu yatapenya. Karani wa kituo anajua, na maisha yanaendelea. Mimi nilikuwa nafika kituoni nimekagua kapu langu mara tatu, nimetoa hata jani lenye tundu la mvua ya mawe, na lori limekaribia kuondoka. Karani akawaambia wenzangu, "Mpisheni huyu, ameleta chai ya harusi." Walicheka. Mimi nilidhani ni sifa.

Kusali kulikuwa hivyo hivyo. Niliamka saa kumi na moja, nikapiga magoti kwenye saruji, na kama katikati ya sala wazo la ng'ombe lilipita kichwani, nilirudi mwanzo. Kuna asubuhi niliianza Baba Yetu mara kumi na tisa. Nilifika shambani wenzangu wakiwa wamejaza nusu kapu, magoti yamekufa ganzi, na bado sina hakika kama ile ya mwisho ilikuwa nzima. Kanisani nilikuwa katibu wa vijana, mwalimu wa watoto, mwimbaji wa sauti ya pili, na kila Jumamosi nilifua kitambaa cha mimbari na kusugua mabenchi. Watu walisema nimeokoka sana. Hilo "sana" lilininyima usingizi, maana lilionyesha kuna kipimo, na mwenye kipimo anaweza kukisoma tena kesho akute kimeshuka.

Haya yote yana chanzo, nacho ni ukuta.

Kanisa letu ni la mabati pande tatu, na mbele kuna ukuta wa matofali uliopakwa chokaa. Nilipokuwa na miaka kumi, wazee walitaka maneno yaandikwe pale ili mtu apitaye barabarani ajue hii si stoo ya mahindi. Waliamua yawe ya Kiswahili, kwa sababu wafanyakazi wa mashamba makubwa waliotoka Kisii walikuwa wakisali nasi. Fundi wa rangi aliyeitwa hakuja. Mama, aliyesoma hadi darasa la nne na aliyesifiwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, akasema ataandika yeye. Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta nyumbani akikamua ng'ombe, rangi ya buluu imemkaukia kwenye kiwiko. Nikakimbia kwenda kuona.

WOKOVU NI PURE.

Neno hilo nililijua. Nilikuwa nimeliona kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia na kwenye chupa ya asali, na nilikuwa nimelitafuta kwenye kamusi yangu: safi, kisichochanganywa na kitu, kisicho na doa. Nililisoma Kizungu, kwa sauti ya mwalimu. Nilijivunia kwamba mama yangu ametia Kiingereza ukutani. Kisha nikaogopa. Wokovu ni safi, haupatani na uchafu. Nilitazama miguu yangu, matope ya kijitoni yakiwa hadi kwenye magoti, na jioni ile niliiosha mara mbili.

Mtoto akishasoma ukuta mara moja hausomi tena. Miaka kumi na minne nilipita chini ya maneno yale kila Jumapili, na sikuwahi kumuuliza mtu yana maana gani. Yalikuwa wazi.

Katika ugonjwa wake wote mama aliniomba kitu kimoja tu. Ilikuwa siku ya nne ya mfungo wangu wa pili. Alikuwa amekaa nje juani, blanketi magotini, na alisema anatamani mursik, yale maziwa lala tunayoyatengeneza ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa. Hakutaka ya jirani. Alitaka ya kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe, alichokuja nacho kutoka kwao Chebunyo alipoolewa. "Hiyo itapita," akasema. "Hiyo inajua njia."

Kibuyu kilikuwa kimening'inia jikoni miezi miwili bila kuguswa. Nilipokifungua kilitoa harufu ya kufungiwa. Nilichungulia kwenye mwanga nikaona weusi, tabaka juu ya tabaka, mkaa wa miaka yote ya ndoa yake. Kila mtoto wa huku anajua kwamba kibuyu hakitiwi sabuni. Unakisugua kwa sosiot, ule ufito wenye nyuzi mwishoni, unakisuuza kwa maji ya moto, unatia kaa la mti wa senetwet na kulisaga humo ndani hadi kuta zishike. Nilijua. Lakini nilijiambia kwamba hayo ni ya watu wa zamani wasiojua vijidudu, na mama ana mrija kooni, na mimi niko kwenye mfungo ambao hautaki doa. Nikatia sabuni ya unga. Nikatia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikatia kokoto na kutikisa hadi mabega yakauma. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha yakatoka maangavu kama ya bomba. Nilifurahi. Kwa wiki kadhaa hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokuwa nimekimaliza bila kasoro.

Mkaa niliutia haraka, mara moja tu, kwa sababu saa tisa kulikuwa na kikao cha maombi na mimi ndiye niliyeweka funguo za kanisa. Nilichemsha maziwa, nikayapoza, nikamimina, nikafunga, nikakimbia.

Siku ya nne baada ya hapo nilimfungulia. Nilimwekea mto mgongoni, nikamimina nusu kikombe, na nikamshikia. Alimeza funda la kwanza, akafumba macho na kukaa hivyo kwa muda. Nilidhani ni utamu. Kisha akameza la pili. "Kongoi," akasema. Asante. Akamaliza kikombe polepole, na nilipokuwa nikimfuta midomo nilikuwa nahesabu moyoni: siku ya nane, na amemeza kikombe kizima. Inafanya kazi.

Alikunywa kesho yake pia, na kesho kutwa.

Siku hiyo ya tatu Kogo alikuja. Kogo ni bibi yetu, mama yake baba, anaishi ng'ambo ya kijito na anatembea kwa fimbo mbili. Aliona kibuyu mezani akaomba kikombe chake bila haya, kama kawaida yake. Alionja. Aligeuka, akatema mlangoni.

"Nani ametia hii kitu sabuni?"

Alikinusa mdomoni, akakipiga kwa kucha, akasikiliza kama mtu anayebisha hodi. Alisema kibuyu kinakunywa. Chochote unachokitia kinakinywa na hakikisahau. Mkaa ule ulikuwa ndio ngozi yake ya ndani, na mimi nimekichuna. "Hiki kimekufa," akasema. "Weka mbegu za maboga." Halafu akanitazama na kuuliza, bila ukali, kama ni shule ya sabuni ndiyo niliyoacha kidato cha pili.

Nilichukua kikombe chake nikanywa. Ladha ilikuwa ya povu na dawa, na nyuma yake maziwa yaliyooza kwa namna isiyo sawa. Ilinishika ulimi hadi jioni. Saa hiyo ilikuwa tisa mchana, na nilikuwa nimefunga, na sikukumbuka kabisa kwamba nimefunga.

Mama alikuwa amelala chumbani, mlango uko wazi. Alikuwa amesikia yote. Niliingia nikakaa kwenye kitanda upande wa miguu, na nikamuuliza kama alijua.

"Kutoka ile siku ya kwanza," akasema.

"Na ukakunywa?"

"Si ulikuwa umeniletea."

Nyumbani tunasema Kipsigis, na haya ninayageuza. Lakini alisema jambo hilo kwa urahisi ambao siwezi kuugeuza, kama mtu anayeeleza kwa nini amefungua mlango uliobishwa. Nililia. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeanza, yote yakatoka. Nilimwambia kuhusu siku ishirini na moja. Nilimwambia kuhusu kijiko cha uji, na jinsi nilivyojitapisha, na kwamba nimeanza upya na sasa nimevunja tena. Nilimwambia kwamba kama angekuwa na mtoto mwingine, aliyenyooka, angekuwa amepona. Nilimwomba msamaha kwa kumuua.

Alinisikiliza akiwa amekunja uso, kama mtu anayesikiliza lugha ya jirani na kushika neno moja moja.

"Ngoja," akasema. "Hii koo ni yangu ama ni yako?"

"Ni yako, Mama."

"Basi wacha ikuwe yangu. Mungu akae huko juu akihesabu vijiko vya uji? Hana kazi?" Akapumzika, maana maneno mengi yalimkwaruza. "Nani alikufundisha hivyo?"

Nikasema, ni yeye. Nilimwambia ni yale maneno aliyoyaandika ukutani, kwamba wokovu ni pure. Nililitamka Kizungu, nilivyolisoma tangu nikiwa mtoto.

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwandikia kwa kidole kwenye blanketi, herufi nne.

"Eeh," akasema. "Pure."

"Maana yake safi. Isiyo na doa."

"Safi ya wapi? Pure. Ile ya kupewa. Hulipi." Alitafuta mfano chumbani, akaona kikombe. "Kama mtu amekuja kwako ukampatia chai. Pure."

Nilikaa pale nikimtazama mdomo. Sisi Wakipsigis ndimi zetu hazitenganishi sana *b* na *p*. Tunaambiwa shuleni, tunachekwa Nakuru, tunajirekebisha, tunasahau. Mama aliandika vile anavyosema. Alipanda juu ya pipa na kopo la rangi ya buluu kuwaambia wapita njia kwamba wokovu ni bure, na binti yake, aliyejua kusoma kumzidi, akaja mbio kutoka shuleni akaelewa kinyume chake, na akaishi humo.

Alipofahamu, alicheka. Alicheka hadi akakohoa, na kukohoa kulileta damu kidogo kwenye kitambaa, na bado alikuwa akicheka. "Miaka yote hiyo," akasema. "Unasugua mabenchi." Kogo aliuliza kutoka sebuleni kuna nini, na mama akajaribu kumweleza akashindwa. Mimi sikucheka. Nilihisi kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akidhani kuna kipandio kimoja zaidi. Mguu ulikuta sakafu ikiwa juu kuliko nilivyotarajia, na nikauma ulimi.

Ningependa kuandika kwamba saa hiyo nilifunguliwa. Sikufunguliwa. Asubuhi iliyofuata niliamka saa kumi na moja na magoti yalikwenda yenyewe kwenye saruji. Nilianza sala, wazo la kibuyu likapita, na mwili wote ukataka kurudi mwanzo. Sikurudi mwanzo. Sikumaliza pia. Niliinuka sala ikiwa nusu, nikaenda kuwasha moto, na siku nzima nilitembea na hofu kama mtu aliyeacha mlango wazi nyumbani.

Saa nne kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alikuja kunichukua. Ni mama wa makamo, mtu mwema, aliyemletea mama maji ya matunda na supu tangu mwanzo, na simlaumu kwa lolote. Kikundi kilikuwa kinapanda kilimani kuomba siku tatu, na mimi ndiye nilikuwa niongoze nyimbo. Nilimwambia sitakwenda, nakaa na mama. Aliuliza kama nimekata tamaa. Nilisema sijui. Aliuliza kama bado nafunga, na niliposema hapana, alitazama chini, akasema wataniombea.

Alipoondoka, mama, aliyekuwa amesikia hilo pia, alinituma jikoni. Alisema nisonge ugali. Nilidhani amechanganyikiwa. Alisema si wake, ni wangu, na nilete na mboga, nikae pale kitandani.

"Kula hapa," akasema, "nione ikishuka."

Hiyo ndiyo sala ngumu kuliko zote nilizowahi kusali, kama inaitwa sala. Kula ugali wa moto mbele ya mtu anayekufa njaa taratibu, ambaye anatazama koo lako. Nilikanda tonge, nikachovya, nikameza. Alitikisa kichwa kidogo kila uliposhuka, kama anayehesabu, lakini hakuwa akihesabu. Alikuwa anafurahia. Mimi nilikuwa naona aibu hadi masikio yanawaka. Hakuna kitu nilichofanya kustahili kumeza na yeye asimeze. Nilitaka kusimama, kuosha kitu, kufua kitu, kufunga kitu. Alinishika mkono kwa vidole vyake vikavu, na nikala hadi sahani ikaisha.

Tulifanya hivyo kila mchana, siku kumi na sita. Hizo ndizo siku nilizokaa naye kweli. Sikufanya lolote kanisani. Jumamosi mabenchi yalisuguliwa na wengine. Jirani alituletea maziwa lala kutoka kwenye kibuyu chake, na mama aliyanywa hadi hata hayo yakakataa kupita.

Alikufa mchana, mvua ya mawe ikipiga bati kwa kelele hata sikuweza kumsikia. Nilikuwa nikimlowesha midomo kwa pamba. Niliona kifua kimesimama, na nilingoja, na mvua ilipokwisha kulikuwa na kimya, na chai yote mteremkoni ilikuwa imechanika. Kama ningekuwa nimeanza tena mfungo wangu, saa hiyo ningekuwa kanisani.

Siku ya mazishi, tukiwa tunaosha sufuria, kiongozi wa maombi aliniuliza polepole kama zile siku ishirini na moja nilizimaliza. Aliuliza kwa upole, na nadhani alitaka kunifariji kwa jibu lolote. Nilimwambia nilivunja siku ya tisa, na niliporudia nilivunja ya kumi.

"Basi," akasema.

Neno hilo moja lilikaa kifuani mwangu mwezi mzima. Sehemu yangu ilikuwa ikilingoja. Kuna siku nilirudi nyuma ya jiko, mahali nilipotapika, nikasimama hapo kama mtu aliyeitwa na polisi. Najua mama aliniambia nini. Najua maana ya lile neno ukutani. Lakini hofu yangu ni ya zamani kuliko ujuzi wangu, na kila asubuhi inaamka kabla yangu.

Kibuyu sikukitia mbegu. Nilijaribu kukiponya: kaa la senetwet asubuhi na jioni, majuma mengi. Kogo alinitazama na kuniacha. Ukikinusa leo, chini ya mkaa bado unaipata sabuni. Nilipoona kwamba sitaitoa, nilikirudisha mahali pake jikoni, na kinaning'inia hapo.

Mwaka huu wazee waliamua kupaka chokaa upya. Fundi, kijana aliyesomea Kericho mjini, alisoma maneno ya zamani akacheka, akasema kuna makosa ya tahajia, waliyapitishaje. Aliongeza kwamba kwa Waswahili wa pwani hicho ni chakula, mahindi na maharage. Yaani tumeandika kwamba wokovu ni githeri. Wazee walicheka pia, kwa aibu. Kisha wakakumbuka ni mkono wa nani, wakanitazama, na mmoja akasema basi arekebishe mtoto wake, si ana mwandiko mzuri.

Niliomba wasipake chokaa juu ya maneno. Wakakubali. Walinipa brashi na rangi ya buluu, si ile ile, imekolea kidogo. Nikapanda juu ya pipa.

Kutoka karibu niliona mambo ambayo sikuwahi kuyaona kutoka chini. O ya kwanza ilikuwa imepakwa mara mbili. Kwenye N kulikuwa na unyoya wa brashi ulioganda tangu siku ile. Herufi zilipungua ukubwa kuelekea mwisho, kwa sababu alikuwa ameona nafasi inamwishia. Nilifika kwenye P. Ilihitaji kitu kidogo sana, tumbo moja la chini. Brashi ilikuwa imebeba rangi nyingi mno, na tumbo likatoka kubwa kuliko la juu, limeinama, na tone moja likateremka hadi kwenye ufa wa tofali.

Chini waliniambia niifute haraka kabla haijakauka, nianze upya. Kitambaa kilikuwa begani mwangu. Nilikishika.

Nilishuka nikaenda nyumbani kupika.

Tangu hapo nimekwenda pale mara mbili, siku za kazi, wakati hakuna mtu, nikiwa na msasa ndani ya kikapu. Mara zote mbili nimesimama chini ya ile B yenye tumbo bovu, nikaitazama sana, na kurudi na msasa wangu.